Barua ya wazi: Tunaomba treni ya kila siku kati ya Nairobi, Nakuru na Kisumu

KWA: Waziri wa Barabara na Uchukuzi, Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Reli la Kenya, Magavana wa Nakuru, Kericho na Kisumu

KUH: TRENI YA ABIRIA ITAKAYOTUPUNGUZIA SAFARI ZA NDEGE

Waheshimiwa,

Nawaandikia kuomba jambo moja: treni ya abiria inayoondoka kila siku, saa inayojulikana, kati ya Nairobi na Kisumu kupitia Nakuru. Treni ya Krismasi haitutoshi, wala ile ya siku ya uzinduzi inayopigwa picha kisha ikasahaulika. Naomba treni ambayo mwenye kikao Nairobi Jumatano, mwenye mgonjwa wa kupeleka Nakuru Jumatatu, na aliyepatwa na msiba usiku wa kuamkia Alhamisi, wote wanaweza kuitegemea bila kupiga simu kuulizia kama ipo. Na naomba muipange iwe mshindani wa ndege. Kwa miaka mingi reli hii imehesabiwa kuwa usafiri wa wasio na kitu wakati wa sikukuu, na kwa kuihesabu hivyo tumeifanya iwe hivyo.

Nilizaliwa Elburgon, nikaolewa Kisumu. Kazi yangu ni ya uhasibu, na mara kwa mara hunipeleka makao makuu Nairobi. Mwajiri hukata tiketi ya ndege. Sina ugomvi na ndege. Mtu anapokimbizwa hospitali hali ikiwa mbaya, ndege huokoa maisha, na marubani wetu ni hodari. Kinachoniuma ni kwamba ndege imegeuka kuwa njia pekee ya kusafiri kwa utulivu kati ya ziwa na jiji kuu, na hali hiyo haikuja yenyewe. Ilitokana na maamuzi ya bajeti, mwaka baada ya mwaka, yaliyofanywa na watu wenye vyeo kama vyenu.

Tuanze na muda, maana hapo ndipo ndege husifiwa zaidi. Safari ya angani kutoka Kisumu hadi Nairobi huchukua kama dakika 45. Lakini ihesabuni safari nzima, tangu mtu anapofunga mlango wa nyumba yake. Kuna kuufikia uwanja, ulio kwenye njia ya kwenda Busia. Kuna kuwahi saa nzima au zaidi kabla ya ndege kuondoka, kuvua mkanda, kupanga foleni, kungoja. Ukishatua JKIA, uwanja mkuu wa ndege wa Nairobi, kuna kusubiri mzigo, kisha barabara ya Mombasa na msongamano wake. Hadi unakaa kwenye kiti cha mkutano, saa nne au tano zimekwisha, na zote ni saa za mchana, saa za kazi. Ndiyo maana wengi huenda jana yake na kulala hotelini.

Treni ya usiku ina hesabu tofauti. Mtu amalize kazi Kisumu, apande jioni, alale akiwa safarini, ateremke katikati ya Nairobi alfajiri. Ametumia saa 12, lakini ni saa ambazo angezilala hata hivyo, na hakulipa hoteli. Mhasibu yeyote akiwekewa hizo hesabu mbili mezani ataona kwamba ile ya ndege haina faida kubwa tunayoidhania. Sharti ni kwamba pawe na kitanda cha kulalia. Kukaa wima kwenye kiti usiku kucha si kulala, na hakuna ofisa atakayeacha ndege kwa ajili ya hilo. Wazee wa Kisumu wanazikumbuka treni za usiku za enzi za Shirika la Reli la Afrika Mashariki: vyumba vya kulala, mashuka safi, behewa la kulia chakula. Watu wa heshima walisafiri hivyo, na hawakuona kwamba wamejishusha.

Sasa niseme jambo ambalo sijalisikia likisemwa wazi kwenye mijadala ya uchukuzi. Huku kwetu, watu wengi hupanda ndege kwa hofu kuliko kwa haraka.

Anayeijua barabara ya kutoka Nakuru kuja magharibi ataelewa. Salgaa, Sachangwan, Migaa: watoto wetu huyasikia majina haya kwenye taarifa ya habari kabla hawajayaona kwenye ramani. Sachangwan, Januari 2009, lori la mafuta lililopinduka liliwaka moto na kuua watu zaidi ya 100. Migaa, alfajiri ya tarehe 31 Desemba 2017, basi na lori viligongana, watu 36 wakafa. Serikali ikapiga marufuku mabasi ya usiku. Marufuku ile haikudumu, na haikuweza kudumu, kwa sababu watu wa huku wana sababu za kweli za kusafiri usiku na hawakupewa chombo kingine. Mwaka uliofuata, Oktoba 2018, basi lililotoka Nairobi usiku likielekea magharibi liliacha barabara huko Fort Ternan. Zaidi ya watu 50 hawakurudi. Na jioni ya tarehe 30 Juni 2023, lori lililopoteza mwelekeo katika makutano ya Londiani liliwafyeka wachuuzi na wasafiri waliokuwa kando ya barabara, na tukazika zaidi ya 50 tena.

Waheshimiwa, itazameni ramani ya reli. Fort Ternan ni stesheni. Londiani ni stesheni. Usiku ule wa Oktoba 2018 abiria wale walifia karibu na reli ambayo wakati huo haikuwa na treni ya abiria hata moja ya kuwaleta nyumbani.

Kwa hiyo mwenye mshahara wa kutosha hununua usalama wake kwa tiketi ya ndege. Simlaumu, hata mimi hufanya hivyo. Tarehe 20 Desemba inapokaribia, nauli ya ndege hupanda maradufu na zaidi, na bado viti hujaa, kwa sababu hofu haijui kuomba punguzo. Asiyeweza kulipa huinamisha kichwa, huomba Mungu na kupanda matatu. Mnapopanga usafiri wa kanda hii, msidhani kwamba wanaojaza ndege wanaipenda ndege. Wapeni njia ya tatu iliyo salama muone watakavyohama.

Ushahidi kwamba Wakenya huhama upo hapa nyumbani. Treni ya Madaraka Express ilianza kubeba abiria kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017, kwa nauli ya Sh700 ya kuanzia, na huchukua kama saa tano. Nauli imepanda tangu wakati huo. Januari 2024 ilifika Sh1,500 kwa daraja la kawaida. Bado mtu asiyekata tiketi mapema msimu wa likizo hapati kiti. Abiria zaidi ya milioni mbili kwa mwaka hawakulazimishwa na mtu. Walipewa ratiba, wakaiamini.

Sisi wa magharibi tulipewa nini? Desemba 2021, baada ya njia ya zamani ya Nakuru hadi Kisumu kukarabatiwa kwa karibu Sh3.8 bilioni, treni ya abiria ilirudi. Nakumbuka furaha iliyokuwepo mjini. Iliondoka Nairobi Ijumaa saa 12:30 jioni, ikafika Kisumu Jumamosi asubuhi, ikarudi Jumapili. Nauli ya chini ilikuwa Sh600. Kwa watu wa huku, siku ile ya Ijumaa ilichaguliwa vyema, maana Jumamosi ndiyo siku ya mazishi, na mtu aliweza kutoka kazini Nairobi akafika matangani kabla mwili haujatolewa nyumbani. Lakini treni ya mara moja kwa wiki haiwezi kuwa mbadala wa ndege wala wa kitu kingine chochote. Ukiikosa, umekosa wiki. Na tangu hapo imekuwa ya kuonekana na kupotea. Mkisema abiria hawakutosha, nitawajibu kwamba hakuna mtu anayeweza kupanga maisha yake kwa kitu ambacho hajui kama kesho kitakuwepo.

Niruhusuni nimzungumzie mama mkwe wangu. Ana miaka sabini na kitu na magoti yake yamechakaa kwa kazi ya shamba la miwa upande wa Chemelil. Anafuata matibabu Nairobi. Kwenye matatu ya abiria 14, mguu haunyooki, na ikifika Nakuru amevimba kiasi cha kutoweza kuvaa kiatu. Kwenye ndege, ngazi zile za kupandia humtesa, na tiketi yake pamoja na ya mtu wa kumsindikiza humaliza pesa ambazo zingenunua dawa. Anachotaka ni kutembea kidogo ndani ya chombo kinachokwenda, kunyoosha mguu na kwenda chooni bila kumwomba dereva asimame. Treni pekee ndiyo inayoweza kumpa hayo. Naamini kila familia kutoka Kibos hadi Butere ina mama kama huyu. Wagonjwa wa saratani kutoka huku hupelekwa Nakuru, Eldoret na Nairobi, mara nyingine kwa wiki kadhaa mfululizo. Mtu aliyetoka kuchomwa mionzi asafirishwe kwa matatu usiku kupitia Salgaa? Hata kuandika swali hili kunanitia uchungu.

Na wanaopita njia hii hawaendi Nairobi tu. Hapa ndipo treni inapoizidi ndege waziwazi. Ndege huunganisha viwanja viwili na kuruka kila kilicho katikati. Reli inapita Njoro, Elburgon, Molo, Mau Summit, Londiani, Kipkelion, Fort Ternan, Koru, Muhoroni, Chemelil, Kibigori, Miwani na Kibos ndipo iingie Kisumu. Chuo Kikuu cha Egerton kiko Njoro. Ukiendelea na tawi la Butere unapita Maseno, palipo na chuo kikuu kingine, kisha Luanda na Yala. Viazi vya Molo, miwa ya Muhoroni, samaki wa ziwani: hizi ni biashara za watu ambao hawatapanda ndege maishani mwao lakini wangepanda treni ya mchana kila wiki. Kwa hiyo pamoja na ile ya usiku, Nakuru na Kisumu zinahitaji treni yao ya mchana, inayosimama kila stesheni.

Sijasahau hali ya hewa, na sioni aibu kuitaja mbele ya watu wenye haraka ya maendeleo. Kwa hesabu za serikali ya Uingereza, ambazo hutumiwa sana duniani, safari fupi ya ndani kwa ndege hutoa karibu gramu 250 za hewa ya kaboni kwa kila abiria kwa kila kilomita. Treni hutoa chini ya gramu 40. Sababu ni rahisi: ndege hula mafuta mengi zaidi inapopaa, na katika safari ya dakika 45 sehemu kubwa ni kupaa na kushuka. Ni kweli kwamba ndege za pangaboi zinazokuja Kisumu hula mafuta kidogo kuliko zile za jeti. Ni kweli pia kwamba kichwa cha treni cha dizeli kilichozeeka, kikivuta mabehewa matupu, hakina cha kujivunia. Lakini treni iliyojaa watu, hata ya dizeli, haifikiwi na ndege kwa usafi. Na sisi wa kando ya Ziwa hatuhitaji kufundishwa maana ya hali ya hewa kubadilika. Waulizeni watu wa Nyando na Budalang'i ni mara ngapi maji yamewatoa majumbani.

Serikali yetu huzungumza lugha hii vizuri sana ikiwa nje. Septemba 2023 Nairobi ilikuwa mwenyeji wa mkutano wa kwanza wa Afrika kuhusu tabianchi. Juni 2025, mjini Sevilla nchini Hispania, Kenya ilijiunga na Ufaransa, Hispania, Barbados na nchi nyingine chache kutaka wanaosafiri kwa viti vya kifahari na ndege za binafsi watozwe ushuru zaidi kwa sababu ya uchafuzi wao. Niliunga mkono. Ila nchi inayoidai dunia ilipie ndege inapaswa kuwa na treni ya kuwapa watu wake. Ufaransa ilipofuta baadhi ya safari za ndani mwaka 2023, ilifuta zile tu ambazo treni huzimaliza kwa chini ya saa mbili na nusu, kama Paris hadi Lyon. Treni ilitangulia. Siombi mfute ndege hata moja ya Kisumu. Naomba mtangulize treni.

Sasa niende Nakuru, maana huko kuna uamuzi ambao bado unaweza kurekebishwa. Tunasikia mengi kuhusu uwanja wa ndege wa Lanet. Nakuru iko kilomita 160 hivi kutoka Nairobi kwa barabara. Ndege haijapata kunyooka angani vizuri ingekuwa imeanza kushuka. Ningependa Gavana wa Nakuru awawekee wakazi hesabu mbili mbele ya macho yao: uwanja huo ungegharimu kiasi gani kwa kila abiria atakayeutumia, na kiasi hichohicho kingenunua mabehewa mangapi na kukarabati stesheni ngapi kuanzia Naivasha hadi Molo. Stesheni ya Nakuru iko mjini tayari, hatua chache kutoka sokoni. Kitu kama hicho hakiwezi kujengwa upya leo, kwa sababu ardhi hiyo haipo tena.

Hilo la stesheni kuwa mjini nalitilia mkazo kwa sababu reli ya kisasa, ile ya Madaraka Express, ililikosea. Abiria wa Mombasa hushushwa Miritini, wa Nairobi hushushwa Syokimau, na kila mmoja huanza safari ya pili kuingia mjini. Kipande cha kilomita 120 kilichozinduliwa Oktoba 2019 kiliishia upande wa Suswa, mbali na mji wa Naivasha, mbali zaidi na Nakuru. Mkifikisha reli hiyo Kisumu na Malaba kama mlivyoahidi, tafadhali iingizeni miji. Treni inayomwacha abiria kilomita kumi nje ya mji imejinyang'anya yenyewe faida yake kubwa dhidi ya ndege.

Na iwekeni umeme. Tanzania ilianza kubeba abiria kwa treni ya umeme kutoka Dar es Salaam mwaka 2024; Juni ikafika Morogoro, Julai ikafika Dodoma. Inakwenda hadi kilomita 160 kwa saa, na safari ya Dodoma iliyokuwa ya kutwa nzima kwa basi sasa huisha kwa saa nne au chini yake. Ethiopia na Djibouti zina reli ya umeme ya zaidi ya kilomita 700. Sisi tulijenga ya dizeli, ilhali sehemu kubwa ya umeme wetu hutokana na mvuke, maji, upepo na jua. Mvuke wa Olkaria unatoka ardhini ndani ya Kaunti ya Nakuru, kando kabisa ya njia hii. Treni ya kwenda Kisumu ingeendeshwa na joto la ardhi inayoipita. Hakuna ndege itakayoweza hivyo katika maisha yetu.

Lakini msituambie tungoje reli hiyo. Tumeambiwa tungoje tangu 2013, ulipoanza kutozwa ushuru wa maendeleo ya reli kwenye bidhaa zinazoagizwa kutoka nje. Kila mama anayenunua mtumba Kibuye na kila fundi anayenunua vipuri Nakuru ameuchangia. Reli ya zamani ipo. Ni nyembamba, ina kona nyingi, na inapanda hadi zaidi ya mita 2,500 pale Mau Summit kabla ya kuteremka kwenye nyanda za ziwa. Haiwezi kukimbia. Kwa treni ya usiku haihitaji kukimbia. Inahitaji kufika kwa saa iliyoandikwa. Yanayohitajika ni mataruma mazima, madaraja yaliyokaguliwa, vichwa vya treni visivyozimika mlimani, na mabehewa ya kulala.

Kuitunza reli hii si kwa ajili ya abiria tu. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024, maji yaliyokuwa yamekusanyika nyuma ya tuta la reli ya zamani karibu na Kijabe yalipasua njia na kuwashukia watu wa Mai Mahiu wakiwa wamelala. Makumi walikufa. Maafisa wa serikali walieleza kwamba kalvati chini ya reli ilikuwa imeziba. Reli iliyosahauliwa haikai tu ikiota nyasi. Huua hata watu wasioipanda.

Na kuna deni la zamani zaidi. Reli hii ilifika ziwani Desemba 1901, pale palipoitwa Port Florence, ambapo leo ni Kisumu. Zaidi ya wafanyakazi 30,000 waliletwa kutoka India kuijenga kuanzia Mombasa, na karibu 2,500 kati yao walikufa. Wanandi walipigana kwa zaidi ya miaka kumi kuizuia isipite kwenye nchi yao, hadi Koitalel arap Samoei alipouawa mwaka 1905. Ilijengwa kwa faida ya watawala, kwenye ardhi ya watu ambao hawakuulizwa. Tuliirithi ikiwa imelipiwa kwa gharama hiyo. Kuiacha ioze, kisha tuanze kutafuta ardhi nyingine ya kujengea viwanja vya ndege, ni kuwadharau wote waliolipa.

Najua hoja itakayokuja: treni ya abiria haileti faida, mizigo ndiyo inayolipa. Huenda. Uwanja wa Kisumu ulipanuliwa kwa fedha za umma ili upokee ndege kubwa, na sikumsikia mtu akidai ulipe gharama zake kwa tiketi kabla haujajengwa. Tuliuita maendeleo ya kanda. Barabara ya Rironi hadi Mau Summit inapanuliwa kwa mabilioni. Tumieni kipimo hichohicho kwa reli. Hesabuni pia gharama za ajali, za wodi, za mayatima; hizo hazionekani kwenye vitabu vya Shirika la Reli lakini mimi kama mhasibu nawaambia zinalipwa, na wanaozilipa tunawajua kwa majina.

Haya ndiyo ninayoyataka. Treni ya usiku ya kila siku kila upande, yenye vyumba vya kulala, ianze na mabehewa yaliyopo huku mengine yakitafutwa. Treni ya mchana Nakuru hadi Kisumu, na siku za soko ifike Butere. Ratiba ibandikwe kila stesheni, na kila mwezi Shirika litangaze ni treni ngapi zilichelewa na kwa nini, kama mashirika ya ndege yanavyolazimika kuwaeleza abiria wao uwanjani. Kazi zote za Lanet zisimamishwe hadi hesabu nilizotaja ziwekwe wazi. Na ninyi wenyewe, pamoja na wabunge wetu, mpande. Wanaoamua hatima ya reli hii kwa sasa ni watu wanaoruka juu yake. Anayeshuka Kisumu asubuhi baada ya usiku mzima ndani ya behewa baridi lenye choo kilichovunjika hatahitaji ripoti ya mshauri kujua kinachotakiwa kutengenezwa.

Nawaomba magavana watatu wasiingoje Nairobi. Reli ni ya serikali kuu, lakini njia za kufika stesheni, taa, vyoo, maegesho ya bodaboda na tuktuk, usalama wa abiria anayeshuka gizani Koru au Molo, hayo yako mikononi mwenu. Stesheni iliyo safi na yenye taa huvuta treni, maana Shirika halitakuwa na kisingizio.

Mheshimiwa Waziri, makadirio ya bajeti husomwa Juni. Naomba jibu la maandishi kabla ya hapo, likisema ni shilingi ngapi zimetengwa kwa treni ya abiria ya Nairobi hadi Kisumu, na treni ya kwanza ya kila siku itaondoka tarehe ngapi. Jibu hilo libandikwe stesheni ya Nakuru na ya Kisumu, kwa Kiswahili, mahali ambapo kila mtu anaweza kulisoma.

Wenu mwananchi,
Mkazi wa Kisumu, mzaliwa wa Elburgon